Wenye presha mnaotumia dawa mbili au zaidi, tupeane uzoefu (Unguja na Pemba)

Mwana_Kiwani
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mama yangu ana presha ya siku nyingi. Alikuwa akimeza amlodipini peke yake, sasa daktari kampa kidonge kimoja chenye dawa mbili ndani, amlodipini na losartani. Majirani wanamtisha: "Dawa mbili kwa ugonjwa mmoja, utaliua ini." Basi vidonge vipo juu ya kabati, anavitazama tu.

Naomba wanaotumia dawa za kuchanganywa, au wanaouguza mtu anayetumia, watuhadithie yaliyowafika. Kipi kiliwasaidia, kipi kiliwadhuru, kipi walikigundua baadaye. Ila tafadhalini, mtu asimpangie mwenzake dozi hapa. Dozi ni ya mtu na figo zake. Natafuta visa vya kweli kwa sababu mama husikia kisa kuliko anavyosikia karatasi ya hospitali.

Mtambwe_Kaskazini
Waalaykum salaam. Kwetu ilikuwa baba. Alikuwa na amlodipini ya miligramu 10 kutoka kituo cha afya. Ndugu yetu wa Dar es Salaam akampelekea boksi jengine, akaambiwa hiyo ndiyo dawa nzuri zaidi, mzee akaimeza pamoja na ile ya mwanzo. Jina la juu ya boksi lilikuwa geni kabisa, kwa hiyo machoni mwake hizo ni dawa mbili mbalimbali. Kumbe ndani ya ile mpya mlikuwa na amlodipini 10 na valsartani. Yaani kila siku anameza miligramu 20 za amlodipini, na mwisho wake kwa siku ni 10.

Miguu ikavimba mpaka makubadhi hayaingii. Akiinuka kutoka kwenye sijda, anashika ukuta. Sote tukaamini moyo umechoka. Aliyegundua ni kijana mmoja wa duka la dawa Chake Chake. Hakutuuliza mzee anatumia nini, alisema: "Nileteeni maboksi yote." Akasoma yale maandishi madogo chini ya jina kubwa, akatuonyesha neno moja limeandikwa kwenye maboksi mawili.

Siku hizi dawa za mzee zote zinakaa kwenye mkoba mmoja wa ukili, na mkoba huo ndio unaokwenda naye kliniki. Karatasi hupotea, na majina ya dawa hakuna ayakumbukaye.

NesiShamba
Nimefanya uuguzi vituo vya shamba hapa Unguja miaka mingi, na hili la "kwa nini mbili" ndilo swali la kila kliniki ya presha. Mwana_Kiwani, mwambie mama hivi. Presha hupandishwa na mambo mengi kwa wakati mmoja. Mishipa inabana. Chumvi na maji yanazidi mwilini. Na kuna homoni zinazoanzia kwenye figo zinazoiamrisha mishipa ibane zaidi. Amlodipini inalegeza mishipa. Dawa ya kukojoza, kama haidroklorothaiazidi, inatoa chumvi na maji. Enalaprili au losartani inazuia kazi ya zile homoni. Ukizuia njia moja peke yake, mwili hutafuta nyengine. Ndiyo maana kuipandisha dozi ya dawa moja mara mbili hakuleti nafuu mara mbili, na madhara ndiyo hujitokeza. Dawa mbili za njia tofauti, kila moja kwa kiasi cha wastani, hushusha zaidi. Na pengine moja hupunguza udhia wa mwenziwe: miguu iliyokuwa ikivimba kwa amlodipini hupungua uvimbe mtu akiongezewa losartani.

Wala si jambo la kubahatisha. Shirika la Afya Duniani liliviingiza vidonge vya namna hii kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Mwongozo wake wa 2021 unashauri dawa mbili tangu mwanzo wa matibabu kwa mtu mzima mwenye presha inayohitaji dawa, na ikiwezekana ziwe ndani ya kidonge kimoja, maana kidonge kimoja hakisahauliki kama vitatu. Mwaka huo wa 2019 yalitoka pia matokeo ya utafiti uliofanyika nchi 6 za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Msumbiji, kwa wagonjwa weusi 728. Waliopewa amlodipini na dawa ya kukojoza, au amlodipini na perindoprili (ya jamii ya enalaprili), walishuka presha zaidi kuliko waliopewa mchanganyiko usio na amlodipini. Kwa hiyo mama hakupewa dawa mbili kwa kuwa hali yake ni mbaya mno. Kapewa kwa kuwa presha ndivyo inavyotibiwa sasa.

Lakini si kila mbili zinapatana. Yale majina yanayomalizikia "pril", kama captopril, enalapril, lisinopril, hayachanganywi na yale yanayomalizikia "sartan", kama losartan, valsartan, telmisartan. Kazi yao inakaribiana. Zikikutana, potasiamu hupanda kwenye damu na figo huumia. Mtu akifungua mkoba wake akakuta ana la huku na la kule, asingoje tarehe ya kliniki, aende siku hiyohiyo akaulize.

Bi_Jambiani
Mie nilipewa enalaprili na dawa ya kukojoza. Presha ilishuka vizuri, ila kikohozi kikavu kikanishika, usiku ndiyo khasa. Nikapimwa makohozi, hakuna kitu. Nikanywa dawa za kikohozi chupa kwa chupa. Daktari mwengine alipoiona ile enalaprili akasema kikohozi ni chake. Akanibadilishia losartani, na baada ya wiki chache kikaondoka. Mwenye kukohoa na anatumia hizo "pril" aseme mapema. Na asiiache dawa kimyakimya, ibadilishwe.

NesiShamba
Bi mkubwa, umesema kweli. Niongeze: dawa za mafua za kufungua pua, nyingi hupandisha presha. Muulizeni muuzaji kabla hajakupeni. Na kwa hizohizo "pril", uso, midomo au ulimi ukivimba, hilo si la kusubiri asubuhi. Ni hospitali papo hapo.

Mchumaji_Konde
Naomba mnisome mpaka mwisho, kwa sababu hili naona limekaribia kumuua shemeji yangu na halisemwi.

Yeye ana kidonge chenye losartani na haidroklorothaiazidi. Kikimfaa, hana tatizo nacho. Msimu wa karafuu ukaingia. Mnaoijua kazi mnaijua: kutwa juu ya mti, ukishuka kuna pakacha la kubeba, usiku kuna kuchambua vikonyo. Mgongo na magoti yakamuuma, akanunua diklofenaki dukani. Si kidonge kimoja, alikuwa akimeza asubuhi na jioni siku nenda siku rudi, na hakuna mtu hapa anayeihesabu kuwa ni dawa ya kumwambia daktari. Ni dawa ya maumivu tu, kila duka inayo.

Katikati ya hapo akapata tumbo la kuendesha. Maji yanatoka, jua kali, na kila asubuhi anameza kidonge chake cha presha kwa kuwa tumefunzwa dawa ya presha haiachwi. Siku ya tatu hakupata haja ndogo ila matone meusi. Akalegea, tukampeleka hospitali kwa gari ya kukodi usiku. Kipimo cha kreatinini, kile cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, kilikuwa juu sana.

Daktari alitueleza kwa utulivu, Mungu ambariki. Losartani hupunguza msukumo wa damu ndani ya figo. Kwa kawaida hilo ni jema na figo hustahamili. Dawa ya kukojoza hupunguza maji. Diklofenaki nayo huibana mishipa inayoipelekea figo damu. Zikiwa zote tatu, na mtu anaharisha, figo inakosa damu. Alizisimamisha zote, akamtundikia maji, akawa anampima damu kila mara. Figo zilirudi, alhamdulillah. Dawa ya presha alirejeshewa baadaye kwa amri yake daktari, na diklofenaki akakatazwa moja kwa moja. Mgongo ukimuuma anameza parasetamoli au anasugua dawa ya kupaka kwa kiasi alichoambiwa.

Wachumaji, wavuvi, mafundi wa ujenzi, sie wote tunaoishi na maumivu ya mwili: mwenye presha asimeze diklofenaki wala ibuprofeni kabla hajauliza. Na sindano ya maumivu pia ni ileile.

NesiShamba
Mchumaji, ahsante sana kwa kulileta. Hizo dawa za maumivu pia zinapandisha presha yenyewe, hata kwa asiye na dawa ya kukojoza. Nami niwaombe wenye "pril", "sartan" au dawa ya kukojoza: mkiharisha au mkitapika sana, pigeni simu au mtu aende kituoni siku hiyo kuuliza kama kuna dawa ya kusimamisha kwa muda. Daktari ataamua ipi na kwa muda gani. Na mwanzo wa dawa hizi kuna kipimo cha damu cha figo na potasiamu, kisha kingine baada ya wiki chache. Msipoambiwa, kiulizieni.

Mwalimu_Mwera
Niseme la Ramadhani. Nilikuwa na mchanganyiko wenye dawa ya kukojoza, nikaumeza baada ya daku. Ikifika adhuhuri skuli kiu imenikausha, alasiri kizunguzungu. Mwaka uliofuata nilimwendea daktari mwezi wa Shaaban, mapema, nikamwambia nataka kufunga. Alinipima, akatazama figo, akanibadilishia mchanganyiko usio na dawa ya kukojoza, nao nikaumeza baada ya futari. Amlodipini inakaa mwilini zaidi ya kutwa nzima, kwa hiyo mara moja kwa siku inatosha. Nilifunga mwezi wote salama.

Wapo wenzangu wanaoziacha dawa mwezi mzima kwa kuona saumu inatosha kushusha presha. Nawasihi wasifanye hivyo. Wapo pia ambao daktari kawaambia wasifunge, na hao wana ruhusa ya dini yao. Na futari zetu tuzitazame: muhogo wa nazi na ng'onda (samaki mkavu wa chumvi), juu yake achari. Chumvi inayoshauriwa kwa mtu mzima haifiki kijiko kimoja cha chai kwa kutwa nzima, na kipande cha ng'onda peke yake kinakula sehemu kubwa ya hiyo.

Ummu_Kikwajuni
Langu fupi. Nina presha na bado nazaa. Nilikuwa kwenye losartani na amlodipini. Nilipotaka mtoto nilimwambia daktari kabla sijashika mimba, akaniondolea losartani, akanipa methildopa. Hizo "pril" na "sartan" zinamdhuru mtoto tumboni. Dada zangu, semeni mapema, na ukishtukia siku zimepita nenda siku hiyo.

Mtu_wa_Wete
Tatizo letu Pemba ni kidonge chenyewe kukosekana. Boti isipokuja na mzigo, duka halina. Mara moja niliambiwa nichukue kingine "kinachofanana". Nikakataa, nikampigia daktari, akasema ninunue dawa mbili mbalimbali zenye majina na miligramu zilezile zilizomo kwenye kidonge changu, nizimeze pamoja. Ikawa sawasawa na bei ikawa chini. Kwa hiyo andikeni majina ya ndani na miligramu zake, si jina la boksi. Na mkisafiri kwa boti kwenda Unguja, dawa ikae nanyi kwenye mkoba wa mkononi, isiende na mizigo.

Kijana_Mpendae
Na mlonge je? Bibi yangu anakunywa mlonge na habasoda pamoja na dawa zake tatu za presha, tena kitunguu saumu kibichi kila asubuhi.

NesiShamba
Kitunguu saumu kwenye mchuzi hakina neno. Ninachokiogopa ni vile viwango vya tiba, unga wa vijiko au vidonge, vikikutana na dawa tatu. Presha inaweza kushuka kupita kiasi na hatutajua kipi kimeishusha. Msimgombeze bibi. Akienda kliniki, atie na huo mlonge kwenye mkoba autoe mezani pamoja na maboksi. Kuna na ile chumvi ya wenye presha inayouzwa madukani, ambayo sodiamu imepunguzwa na kutiwa potasiamu. Kwa mtu aliye kwenye "pril" au "sartan" hiyo aiulizie kwanza.

Mwana_Kiwani
Nimemsomea mama yote, kile cha shemeji wa Konde kaniambia nikirudie. Tumetoa maboksi: tumekuta amlodipini ya zamani bado ipo, nusu boksi. Daktari kathibitisha kuwa ile aiache, kidonge kipya kimeichukua nafasi yake. Sasa anauliza, akisahau kumeza asubuhi afanye nini? Na nimpime vipi nyumbani?

NesiShamba
Akikumbuka siku hiyohiyo, ameze. Akikumbuka kesho yake wakati wa dozi nyengine umeshafika, ameze hiyo moja tu. Asimeze mbili kufidia.

Kupima: akae kitini dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, awe ametoka haja ndogo na hajanywa kahawa nusu saa nyuma. Mpime mara mbili, ukipisha dakika moja, uandike zote na saa. Tafuta mashine ya kufunga juu ya kiwiko, na mkanda wake uwe wa kiasi cha mkono wake. Mkanda mdogo kwa mkono mnene hudanganya kwa kwenda juu. Wiki za mwanzo awe anainuka kitandani polepole, akae ukingoni kidogo kwanza. Akiona kiza kila akisimama, mpime akiwa amekaa na akiwa amesimama, uniletee namba zote mbili au umpelekee daktari wake.