Beji za QR kwa vibarua wa maonesho: aliyejaribu anieleze

msimamizi_kikwajuni

Asalaam alaykum ndugu zangu.

Nnasimamia vibarua kwenye maonesho na sherehe hapa mjini. Safari hii kazi iko Viwanja vya Maisara, siku tatu, na watu wetu wanakaribia 120: wabebaji wa viti na mahema, wasaidizi wa mafundi sauti, walinzi wa milango, wapishi, wasafishaji. Mpaka leo tunatumia daftari. Mtu anafika, anaandika jina, anatia saini, anapita. Vurugu inaanza siku ya malipo. Unakuta ukurasa mzima umesainiwa kwa mkono mmoja, kuanzia juu mpaka chini. Halafu yupo kijana kabeba mahema tangu alfajiri na jina lake halimo, maana alipofika daftari lilikuwa limechukuliwa na bosi. Huyu wa pili ndiye anayeniuma. Anasimama mbele ya meza, viganja vimemchubuka, na mie ndo wa kumwambia "humo".

Tajiri wa kazi kanambia tutumie msimbo wa QR, ule mraba wa vidoa vyeusi na vyeupe unaosomwa kwa kamera ya simu. Fikra yake tuchapishe mmoja mkubwa, tuubandike mlangoni, kila anayefika auskani kwa simu yake na ajaze jina. Gharama hakuna. Lakini moyo wangu haujatulia. Wangapi katika wale wana simu za kupangusa? Na uwanja ukishajaa watu, hiyo intaneti itapatikana? Aliyekwisha kuifanya kazi hii, Unguja au Pemba, anieleze ilivyokwenda pale pale mlangoni.

fundi_mlandege

Wa alaykum salaam. Kubandika mlangoni usikubali. Mmoja anaupiga picha, anautupa kwenye grupu la WhatsApp, na watu walolala Fuoni wote wameshafika kazini. Ziko programu zinazoangalia simu ilipo, lakini hizo zinataka simu janja, bando na GPS iliyowashwa, na nusu ya vibarua wana vitochi. Geuza mambo: msimbo uwe shingoni kwa kibarua, simu ya kuskani iwe mkononi mwako.

bi_mlangoni

Mdogo wangu, fundi kasema kweli. Mie kazi yangu ni hiyo hiyo ya kukaa mlangoni, basi acha nikuongezee.

Kwanza ujue kuwa simu inaposoma beji, inachokijua ni kwamba beji imefika. Nani kaivaa, haina habari. Kaka anaweza kumpa mdogo wake, na mashine ikapokea vizuri tu. Kwa hiyo chukua programu ambayo ukishaskani inakuletea picha ya mwenye beji kwenye kioo, na saa ya mwanzo kila kiongozi wa kikundi asimame pembeni ya anayeskani. Kiongozi wa wabebaji anawajua wabebaji wake. Jicho lake usiliondoe hapo hata ukinunua programu ya mamilioni.

Ndani ya msimbo weka namba fupi tu, mfano K0147. Usitie jina, wala namba ya simu, wala namba ya kitambulisho cha Mzanzibari, kwani mtu yeyote akielekeza simu yake anayasoma yote. Jina na picha vibaki kwenye orodha iliyomo ndani ya simu yako. Na ufupi una faida nyingine: namba kama hiyo inaingia kwenye msimbo mdogo kuliko wote, wenye vidoa 21 kwa 21, hata ukichagua kiwango cha juu kabisa cha kujisahihisha, kile kinachoandikwa H. Kwa kiwango hicho karibu asilimia 30 ya msimbo inaweza kuharibika na bado ukasomeka. Vidoa vinakuwa vikubwa, simu inasoma mara moja. Beji za wapishi zinarejea na mafuta, za wabebaji zimekunjika na kulowa jasho, na zinasoma. Kitu hiki Wajapani wa Denso Wave walikitoa mwaka 1994 kwa kufuatilia vipuri vya magari viwandani, na uchafu walikuwa wameshaufikiria.

Chapisha nyeusi juu ya nyeupe, uache ukingo mweupe pande zote. Msanifu atataka kuupaka rangi za maonesho. Mkatalie. Na plastiki ya kung'aa ndo adui wa usiku. Pale Ngome Kongwe taa za jukwaani zikiwaka, beji ya kung'aa inarudisha mwanga kwenye kamera na foleni inasimama. Tafuta plastiki isiyong'aa.

Sasa nnakuja kwenye lililowadhulumu watu kwa macho yangu, kwenye kazi moja ya usiku. Kijana kaingia saa kumi alasiri, katoka saa saba na nusu usiku. Programu ikaandika kaingia 16:00 tarehe hii, katoka 01:30 tarehe ya pili. Mhasibu akatoa ripoti ya siku moja moja. Siku ya kwanza kijana ana kuingia, kutoka hana. Siku ya pili ana kutoka, kuingia hana. Saa tisa na nusu za kazi zikahesabiwa si chochote. Na alipooneshwa karatasi ajitetee, kaona 01:30, naye akasema, "Saa moja na nusu mie nilikuwa kwetu." Alikuwa anasema kweli, na kila mtu pale alimwona muongo.

Kwa hiyo iambie programu siku ya kazi inaanza 05:00, yaani saa kumi na moja alfajiri, na inamalizika 05:00 ya pili yake. Programu isokubali hivo iache. Na karatasi ya kuwaonesha vibarua iandikwe kwa saa zetu, tena utaje asubuhi, alasiri au usiku.

Jengine: kuskani kutoka kuwe lazima kama kuingia. Tajiri hatokusisitiza hapo, kwa sababu kinachomshughulisha ni nani alochelewa kufika. Saa za ziada za kibarua zinathibitishwa na kule kutoka, na kama hamna ushahidi wa kutoka ataambiwa aliondoka mapema. Lakini anayekwenda kusali na kurudi usimskani. Ukiwaskani magharibi watu 80 wanatoka na 80 wanarudi, utapata orodha isosomeka, na watu watasali kwa kubanwa.

wa_chake

Nnaandika kutoka Pemba. Nimewahi kusaidia mlango pale Gombani.

Kuhusu intaneti, usiitegemee kabisa. Chagua programu inayofanya kazi bila mtandao: asubuhi unaipakua orodha yote ukiwa na mtandao wa uhakika, mchana inahifadhi ndani ya simu, usiku inapeleka. Ukiwa na milango miwili na simu mbili, jua kwamba hazitazungumza mpaka zipate mtandao, na beji moja inaweza kuingia kote kuwili. Ndiyo maana kila kikundi tukakipa mlango wake. Saa za simu zote ziwe kwenye kujirekebisha zenyewe, kwani saa ya simu ikikosea kwa dakika 20 mtu anaweza kukatwa bure. Na simu ikikaa juani inapata moto na kujizima, basi kaa kivulini na pawabenki.

Bi Mlangoni katusahaulisha jambo moja kuhusu picha. Wapishi na wasafishaji wengi ni kinamama, na wengine wanavaa nikabu. Picha zao kukaa kwenye simu ya kijana wa mlangoni hawaridhiki, na haki yao. Kwetu tulimweka mwanamke na simu yake mahsusi, yeye ndiye aliyewapiga picha na kuwaangalia uso pembeni. Na kazi ikimalizika picha zifutwe mbele yao.

bi_mlangoni

Hilo umesema vyema, na nnaliunga mkono bila kubakisha.

msimamizi_kikwajuni

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Tajiri nimeshamwambia habari ya kubandika mlangoni tuiache, kakubali baada ya kusikia ile ya WhatsApp. Dada yangu Bi Mlangoni, nna maswali mawili. Alosahau beji nyumbani nimfanyeje? Na wale tunaowachukua siku hiyo hiyo, mvua ikinyesha ghafla ukahitaji mikono 15 zaidi?

bi_mlangoni

Alosahau asirudishwe. Akifuata beji Bumbwini nusu siku imekwisha. Mtafute kwa jina kwenye programu, mwangalie na picha, muingize kwa mkono. Programu nzuri inaweka alama kwamba huyu kaingizwa kwa mkono na nani. Jioni pitia wenye alama hiyo tu. Ukiona msimamizi mmoja kaingiza wengi kuliko wenziwe, muulize.

Kwa wa ghafla, chapisha beji za akiba zenye namba na msimbo lakini hazina jina, kama 25 hivi. Mtu anafika, unamvisha, unampiga picha hapo hapo, jina unaliandika kwenye ile namba. Akitoka anairejesha.

Na daftari usilitupe. Liwe kwenye meza ya pili, la kuandika simu zikizima.

Kisha kila usiku kabla watu hawajaondoka, chapisha orodha ya siku, ubandike karibu na mlango wa kutokea: namba, jina, kuingia, kutoka. Asojiona aseme usiku ule ule, kiongozi wake bado yupo na kila mtu anakumbuka nani alibeba nini. Ikiwa huna printa uwanjani, soma kwa sauti kikundi kwa kikundi. Watu 120 hawamalizi muda mrefu.