Nafuga kobe na chatu Kigamboni, kodi naihesabuje?

Kobe wa Kibada:
Wakubwa shikamooni, wengine mambo.

Nina mabanda ya kobe na chatu huku Kibada. Kibali cha TAWA (mamlaka ya wanyamapori) ninacho na TIN (namba ya mlipakodi) ninayo, kwa hiyo msinianzie huko. Wateja wangu ni bustani za wanyama zilizosajiliwa, na Jumamosi wanafunzi wanakuja kuangalia kwa kiingilio. Mwaka jana, ukijumlisha vyote, iliingia kama milioni 9.

Sasa nimekadiriwa kodi 250,000. Chatu wanakula panya na kuku, na panya wenyewe nawazalisha kwa pumba za kununua (umeme wa kupasha joto sihitaji, jua la Dar linatosha). Juzi siafu wameniulia vitoto 6 vya kobe usiku mmoja. Hizi gharama na hasara zinatolewa wapi kwenye kodi?

Mpiga Hesabu Tandika:
Pole kwa siafu, mkuu, ila hazitolewi popote. Mfanyabiashara mdogo wa makadirio anatozwa kwa mauzo, si kwa faida. Panya wale wasile, kobe afe asife, kinachoangaliwa ni ulichouza.

Kilichokuponza ni daftari. Mauzo ya juu ya milioni 7 mpaka 11, asiyetunza kumbukumbu analipa 250,000. Anayetunza analipa 90,000 na kuongeza asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 7. Wewe umezidisha milioni 2, asilimia 3 yake ni 60,000. Jumla 150,000. Laki nzima imeondoka kwa uvivu wa kuandika, unisamehe kwa lugha. Na hailipwi kwa mkupuo: Machi, Juni, Septemba na Desemba, 37,500 kila awamu.

Mama Zai:
Daftari lenyewe asije akaliacha ndani ya banda la chatu, mwaka wa kodi utaisha hajaenda kulichukua 😂

Kobe wa Kibada:
Duh, laki nzima! Asante kiongozi. Ila mauzo yangu hayana mpangilio. Yai la kobe linaweza kukaa mchangani miezi 8, mengine yanavuka mwaka. Machi naweza nisiwe na hata kitoto kimoja cha kuuza.

Mpiga Hesabu Tandika:
Awamu haisubiri yai kupasuka. Kiingilio cha wanafunzi kikiingia, tenga ya kodi humo humo. Ukiona mwaka unakwenda vibaya kweli, peleka makadirio mapya kabla haujaisha, na hapo ndipo daftari linakusemea. Tarehe, nani kanunua, wangapi, bei. Kiingilio nacho kiandike, wengi wanakisahau wakidhani mauzo ni mnyama tu.

Mauzo yakigonga milioni 11 utatakiwa kuwa na EFD, ile mashine ya kutolea risiti za kodi. Jipange mapema.

Chogo:
Mnahangaika na vilaki. Tafuta mzungu, kinyonga mmoja Ulaya ni hela ndefu.

Mzee wa Bustani:
Wewe kijana unataka kumfunga mwenzio. Usafirishaji wa wanyamapori hai nje ulipigwa stop 2016. Juni 2022 ikatangazwa umefunguliwa, siku chache tu ukazuiwa tena. Nilikuwepo, nimekula hasara ya mabanda mpaka leo. Na mnyama asiye na kibali ni nyara ya serikali, hata akiwa kobe wa uani kwa bibi. Risiti ya kodi haimgeuzi kuwa halali.

Mwanangu Kobe, una kiwanja chako au umepanga?

Kobe wa Kibada:
Nimepanga, mzee wangu.

Mzee wa Bustani:
Basi kuna kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango. Kisheria unaikata kwenye pango unalomlipa mwenye kiwanja na kuiwasilisha TRA (mamlaka ya mapato). Kwa vitendo baba mwenye nyumba atakwambia anataka hela yake kamili, mzigo ubaki kwako. Liweke kwenye mkataba kabla ya kusaini.

Kobe wa Kibada:
Hilo limeshanipita, mkataba nilisaini Januari. Nitaongea naye.

Kauntabuku nimenunua leo Kariakoo. Swali la mwisho: kuna jamaa ana nyoka Mjimwema, namuuzia panya 20 kila wiki. Nayo ni mauzo?

Mpiga Hesabu Tandika:
Na ile milioni 9 ulikuwa umewahesabu hao panya?

Kobe wa Kibada:
Hapana 🙈

Mpiga Hesabu Tandika:
Anza nao ukurasa wa kwanza.