Lebo ya Fairtrade inamsaidia mkulima kweli?

mnunuzi_mbishi: Wadau, nimegeuza pakiti ya chokoleti yenye lebo ya Fairtrade (ile ya biashara ya haki kwa wakulima), nyuma kwa herufi za sisimizi wameandika kakao huenda imechanganywa na ya kawaida. Sasa nalipia nini?

kapu_tupu: Kakao, chai na sukari Fairtrade wanaruhusu kuchanganya kiwandani, ila kiwanda lazima kinunue kiasi kilekile kwa masharti yao, kwa hiyo hela inafika kwenye ushirika wa wakulima hata kama kakao uliyokula siyo yao. Kahawa haichanganywi. Na juu ya bei kuna nyongeza, wanaushirika wenyewe ndo wanapiga kura waifanyie nini

jiwe_sitaki: Afadhali hiyo. Almasi je? Mpango wa Kimberley (ule wa kimataifa wa vyeti vya almasi) tangu 2003 unazuia za kugharamia waasi tu, wanajeshi wa serikali wakipiga wachimbaji mzigo unapita. Pete yangu haina jiwe, mchumba hajalalamika (bado)

mnunuzi_mbishi: 😂 haya, nimemaliza pakiti