Naomba ushauri: mja mzito akishikwa na uchungu maji yamekupwa

Assalaam alaykum ndugu zangu. Sisi ni kamati ya afya ya shehia, kisiwa kidogo mashariki ya Pemba. Mfuko wa dharura tunao: kila nyumba shilingi 1,000 kwa mwezi, na dumu la petroli lita 10 haliguswi kwa jambo jengine. Tatizo ni bamvua. Mwezi mpya na mwezi mpevu maji hupwa kabisa kwenye saa nne, asubuhi na usiku, na boti ya mashine hukwama matopeni. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Kungoja maji yajae haiwezekani.

Tumejaribu machela ya turubai: wabebaji huzama hadi magotini, mgonjwa akalala upande. Dau la pondo linafaa zaidi, lakini usiku mwenye dau hapatikani. Tumewashauri pia waja wazito wahamie Wete, mjini kwenye hospitali, kwa jamaa wiki ya 38 ya mimba. Wengi wanauliza nani atabaki na watoto, na wana haki kuuliza.

Walioko visiwani, zamu za usiku za wenye madau mnazilipa vipi bila kumaliza mfuko? Na mwenye watoto wadogo mnamsaidiaje ahame mapema?