Feri zimesimama Kadıköy

Kikundi: UKOO WA CHUMBAGENI

IJUMAA

Salma: Asalam aleykum wote. Wakubwa shikamooni. Tumefika Istanbul, tuko hosteli. Mabegi ya mgongoni yametuumiza mabega, maana hosteli iko kilimani na njia yote ni mawe na ngazi. Lakini tumefika.

Mama Salma: Waaleykum salaam. Alhamdulillah. Simu sijaiweka chini tangu asubuhi. Mmekula?

Neema: Shikamoo mama. Tumekula supu ya dengu na mkate. Chai yao haitiwi maziwa, inaletwa kwenye kigilasi chenye kiuno.

Mama Salma: Marahaba mwanangu. Neema, funika kichwa na hiyo baridi.

Shangazi Zuhura: Salma, tuma picha basi. Huku Mombasa wote wanaulizia.

Salma: Shikamoo shangazi. Nitatuma, natunza chaji kwanza. Chaja zetu haziingii ukutani. Matundu ya huku ni ya pini mbili za mviringo, zetu ni zile tatu bapa za nyumbani. Simu ya Neema ishazima.

Kaka Idi: Poleni wadogo zangu. Tafuteni adapta kwenye duka la simu la mtaani, msinunue pale watalii wanapojazana. Halafu Salma, kadi ya nauli ya Istanbulkart ukiiongezea pesa weka noti ndogo, usitegemee mashine irudishe chenji.

Mjomba Hamisi: Huko saa ngapi sasa?

Salma: Shikamoo mjomba. Saa ni ile ile ya Tanga. Tangu 2016 Uturuki hawarudishi saa nyuma wakati wa baridi. Ila jua ndilo linachelewa, Januari hii linachomoza saa mbili asubuhi imeshapita. Alfajiri inaadhiniwa karibu saa moja.

Rashid: Bibi anasema hiyo raha, watu wa huko hawana kisingizio cha kulala wakati wa swala. Anasema pia msisahau zafarani yake.

JUMAMOSI, mchana

Salma: Nimeswali adhuhuri Msikiti wa Sultanahmet. Mashaallah, vigae vya buluu kuta nzima, shingo imeniuma kwa kutazama juu. Wageni wasioswali hawaingizwi wakati wa swala, kwa hiyo Neema kabaki nje na mabegi yote mawili.

Neema: Nilikaa kwenye benchi. Mama mmoja mtu mzima kanikatia nusu ya simit yake, ule mkate wa duara wenye ufuta. Hatukuelewana hata neno moja, tukala pamoja.

Shangazi Zuhura: Mungu amjalie.

Neema: Kabla ya hapo mtu wa kung'arisha viatu alipita mbele yangu akaangusha brashi. Nikaiokota nikamkimbilia. Akashukuru sana, akaushika mguu wangu akaanza kupiga brashi. Mimi nimevaa raba! Kumaliza, anataka pesa.

Kaka Idi: Hiyo brashi huangushwa makusudi. Ukiiona chini tena, mwite aiokote mwenyewe, nawe usisimame.

Neema: Ayasofya, lile kanisa la kale ambalo sasa ni msikiti, nimeingia vilevile. Wageni wa kutalii tunapandishwa roshani ya juu, kiingilio euro 25. Ni nyingi kwa mtu anayelala chumba cha vitanda vinane. Lakini kule juu kuna picha ya vijiwe ukutani, Yesu yuko katikati, Mariamu na Yohana Mbatizaji pembeni. Nusu ya chini imebomoka, nyuso zimebaki. Jengo lilikamilika mwaka 537. Chini watu wanaswali, mimi juu nimesimama mbele ya Yesu. Nililia kidogo. Nitamsimulia mchungaji wetu Lushoto.

Mama Salma: Hiyo pesa haikupotea mwanangu.

JUMAMOSI, saa 11:20 jioni

Salma: Jamani. Tuko Kadıköy, upande wa Asia wa jiji hili. Mchana tulivuka kwa feri kutoka Eminönü, dakika ishirini na kitu tu. Sasa tumerudi gatini pamefungwa. Ubao mzima umeandikwa İPTAL. Kijana mmoja katuambia safari zimefutwa kwa upepo, wanauita lodos.

Mama Salma: Na hosteli iko upande gani?

Salma: Ulaya, mama.

Mama Salma: Ya Rabbi! Bahari katikati na jua linazama!

Mjomba Hamisi: Tulieni. Salma, upepo unatoka wapi?

Salma: Unatoka Bahari ya Marmara, kusini-magharibi hivi. Tena una joto. Jana tulikuwa tunatetemeka, leo nimevua koti.

Mjomba Hamisi: Una joto na unatoka kusini. Basi hilo ni kusi lao. Mawimbi je?

Salma: Yanapiga ukuta wa gati maji yanarukia barabarani. Neema kichwa kinamuuma tangu alasiri. Muuza chai anasema siku za lodos watu wengi huumwa kichwa.

Mjomba Hamisi: Nisikilizeni vizuri. Akitokea mtu na mashua yake akasema atawavusha kwa pesa, msipande. Hata akiwaonyesha maboya. Hata akisema ni karibu. Mwenye chombo anayetoka na abiria bahari ikiwa hivyo hajali roho za watu. Mimi nimeshakaa Pangani na shehena ya maembe inaoza, natazama maji, na sikung'oa nanga.

Salma: Hatupandi mjomba. Naapa.

Mama Salma: Sasa mtalala wapi? Idi! Idi uko wapi?

Kaka Idi: Nipo mama mdogo, nilikuwa nafunga duka. Usiwe na wasiwasi, hilo limeshanikuta nikifuata nguo za duka Laleli, huko huko Istanbul. Salma, achana na gati. Hapo hapo Kadıköy kuna metro ya M4. Panda, shuka kituo kinachofuata, Ayrılık Çeşmesi. Fuata vibao vya reli ya Marmaray, panda treni iendayo Halkalı. Inapita Üsküdar, kisha inazama chini ya bahari. Kituo cha kwanza Ulaya ni Sirkeci. Mkitoka hapo, Eminönü ni kutembea tu.

Rashid: Bibi anauliza inazama vipi.

Kaka Idi: Mwambie bibi ni njia ya reli iliyolazwa sakafuni mwa Bosphorus, ule mlangobahari unaotenganisha Asia na Ulaya, mabomba makubwa ya zege. Pale penye kina zaidi ni kama mita 60 kwenda chini. Imefunguliwa 29 Oktoba 2013 na watu wanakwenda nayo kazini kila siku. Upepo wa juu hauigusi.

Rashid: Bibi anasema ataanza kusoma Yasini sasa hivi, na yeyote asimpigie simu mpaka watoke.

Mama Salma: Mimi mwenyewe mikono inatetemeka. Wanangu chini ya bahari usiku.

Mjomba Hamisi: Zaynabu dada yangu, afadhali chini ya bahari hiyo kuliko juu yake leo.

Salma: Tunakwenda. Simu ina asilimia 6, naizima. Mama usiogope nisipojibu.

Kaka Idi: Subiri, moja tu! Marmaray ukiingia inakata nauli ya safari nzima hadi mwisho wa reli. Ukitoka Sirkeci kuna vimashine vimeandikwa İADE, gonga kadi tena, inakurudishia iliyozidi. Wageni wengi wanapita bila kugonga. Kama mmetumia kadi zenu mbili, gongeni zote.

Saa 12:05 jioni

Mama Salma: Salma?

Mama Salma: Neema mwanangu?

Shangazi Zuhura: Wifi, wako chini ya ardhi, mtandao unakatika. Kunywa maji.

Kaka Idi: Mjomba, wakati wanasubiriwa, hili utalipenda. Walipochimba kituo cha Yenikapı, kinachofuata baada ya Sirkeci, walikuta bandari ya kale ya Konstantinopoli, yaani Istanbul ya zamani, iliyofukiwa na udongo. Wakatoa mabaki ya vyombo 37, vya enzi za Bizanti. Ujenzi wa reli ukachelewa miaka kwa ajili ya kuvitoa taratibu.

Mjomba Hamisi: 37! Mbao zake zilikuwa hai?

Kaka Idi: Tope lilizihifadhi. Vingine vilikuwa na shehena yake ndani.

Mjomba Hamisi: Subhanallah. Hao walikuwa na mama zao pia waliosubiri pwani. Walivyotunza vyombo hivyo wamefanya jambo la heshima. Nataka kujua walivyounganisha mbao, kwa misumari au kwa kushona kama mitepe yetu.

Kaka Idi: Nitakutafutia picha mjomba.

Mama Salma: Hamisi, mbao baadaye. Watoto.

Saa 12:40 jioni

Salma: TUMETOKA. Tuko Sirkeci.

Mama Salma: Alhamdulillahi rabbil alamin.

Shangazi Zuhura: 🤲🏾🤲🏾🤲🏾

Salma: Kumbe Üsküdar mpaka hapa ni kama dakika nne tu. Treni imejaa watu wa kazini, mwanafunzi pembeni yangu amesinzia. Tulichokawia ni kupanda juu, ngazi za umeme ni ndefu mno. Kadi zote mbili tumegonga, pesa imerudi kaka. Nimenunua adapta hapa duka la simu, mwenye duka kanichomekea simu wakati tunasubiri mvua ipungue.

Mjomba Hamisi: Mvua imeanza? Basi upepo unageuka. Kesho bahari itatulia, ila baridi itarudi. Vaeni.

Neema: Simu yangu imewaka! Shikamoo mjomba, shikamoo bibi. Kichwa kimepoa. Asanteni sana. Nyumbani kwetu hawakuwa na habari na sikuweza kuwapigia, ninyi ndio mlikuwa wazazi wangu jioni hii.

Mama Salma: Marahaba. Wewe ni wetu Neema. Nimeshampigia mama yako, atalala salama.

JUMAPILI

Salma: Soko kubwa la Kapalıçarşı halifunguliwi Jumapili, tumekuta milango imefungwa. Tumeteremka Mısır Çarşısı, soko la viungo, liko wazi. Karafuu, mdalasini, hiliki, harufu kama dukani kwa marehemu babu. Bibi, zafarani ipo ya rangi mbili na bei zimeachana sana.

Rashid: Bibi kanipokonya simu, anasema atazungumza mwenyewe, mimi niandike anavyosema.

Bibi: Salma mjukuu wangu. Ile ya bei rahisi yenye rangi ya machungwa si zafarani, ni maua mengine, inatia rangi tu, harufu haina. Mwombe mwuzaji maji ya vuguvugu kwenye kigilasi hicho chao cha chai. Tia nyuzi mbili. Ya kweli inatoa umanjano pole pole na uzi wenyewe unabaki mwekundu. Ikimwaga rangi mara moja, ondoka.

Salma: Amekubali, analeta maji. Anacheka, anasema bibi yako anajua kazi.

Neema: Ya kwanza imemwaga rangi papo hapo bibi, maji mekundu kabisa.

Bibi: Hiyo mwachie.

Neema: Ya pili maji yanakuwa manjano taratibu. Uzi bado mwekundu. Harufu inafika mpaka kwangu.

Bibi: Hiyo ndiyo. Chukua gramu mbili, na moja ya mama yake Neema.

Shangazi Zuhura: Na ya Mombasa?

Salma: Gramu nne basi. Kaka Idi, tuandikie namna ya kumwomba apunguze bei.