Kipimo cha jeni ya SRY kwenye riadha ya wanawake: mbona jeni nyingine haziguswi?

Mwalimu wa Viunzi
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kuhusu kanuni ya World Athletics iliyoanza tarehe 1 Septemba 2025, ile inayomtaka kila mwanamke anayeshiriki mashindano yanayohesabiwa kwenye ranki za dunia awe amepimwa jeni ya SRY, ile swichi inayoanzisha korodani mtoto akiwa tumboni, mara moja tu maishani. Wasichana wanaokaribia viwango vya kimataifa wanauliza, na wazazi wao wanauliza zaidi.

Kwanza, kipimo chenyewe kinafanywaje, na kinaweza kukosea wapi? Pili, Eero Mäntyranta wa Finland alizaliwa na jeni iliyojaza damu yake chembe nyekundu, akazoa medali saba za Olimpiki kwenye skii na hakuna aliyemgusa. Kwa nini jeni ile iwe kipaji na hii iwe kosa? Tatu, njia ya kushusha testosteroni, homoni ya kiume, kwa dawa bado ipo?

Mpiga Saa
Mwalimu, nianze na la Mäntyranta, maana halikosekani mjadala huu ukizuka. Ni kweli: himoglobini yake ilivuka gramu 200 kwa lita, wakati mwanamume wa kawaida yuko kwenye 150 hivi. Watafiti waliikuta jeni yake mwaka 1993, yeye alishatundika skii zamani. Lakini jeni ile humwangukia mwanamume sawa na mwanamke, na hakuna mchezo wenye kundi la "wenye damu nyepesi". Urefu vivyo hivyo.

Kundi la wanawake lipo kwa sababu moja. Rudisha alikimbia mita 800 kwa 1:40.91 London 2012. Rekodi ya wanawake ni 1:53.28 ya Kratochvílová wa Chekoslovakia, tangu 1983. Hiyo ni zaidi ya 12%. Mita 400 ni 43.03 dhidi ya 47.60, kama 10.6%. Vunja ukuta unaotenganisha mbio za wanaume na za wanawake uone kama fainali ya Olimpiki itabaki na mwanamke hata mmoja. Kwa hiyo kanuni haimuulizi mwanariadha amezaliwa na faida kiasi gani. Inamuuliza balehe yake ilikuwa ya upande upi wa ukuta.

Chukua hali ya upungufu wa 5-alfa reduktasi. Mtu ana kromosomu XY, za kiume, na korodani zilizobaki ndani ya mwili. Kimeng'enya cha kugeuza testosteroni kuwa dihidrotestosteroni hakifanyi kazi, na dihidrotestosteroni ndiyo inayojenga maumbile ya nje ya kiume mtoto akiwa tumboni. Basi anazaliwa akionekana msichana, anaandikwa msichana, analelewa msichana. Hapo hakuna udanganyifu wowote, na wanaopenda kutukana mitandaoni walielewe hilo. Ila misuli na himoglobini havingojei kimeng'enya hicho; vinaitumia testosteroni ilivyo. Viwango vya testosteroni vilivyotumika kwenye kesi za wanariadha wa namna hii ni nanomoli 0.12 hadi 1.79 kwa lita kwa wanawake, na 7.7 hadi 29.4 kwa wanaume. Katikati ni bonde tupu.

Dada Nyundo
Kaka Mpiga Saa, hesabu zako sina ugomvi nazo, ila umeruka fainali ya mita 800 ya wanawake, Rio 2016. Semenya wa Afrika Kusini 1:55.28, Niyonsaba wa Burundi 1:56.49, Wambui wa Kenya 1:56.89, na wa nne, Bishop wa Canada, 1:57.02. Wote watatu wa mwanzo walikuja kuguswa na kanuni za 2018, zilizowataka wanawake wenye XY na testosteroni ya juu waishushe kwanza ndipo wakimbie mita 400 hadi maili. Sasa iko wapi hiyo 12%? Semenya alimzidi wa nne kwa 1.5%, Wambui kwa sekunde 0.13.

Halafu tazama kanuni zilivyoshonwa. Mwaka 2017 watafiti wa shirikisho lenyewe walilinganisha wanawake wenye testosteroni ya juu na ya chini kwenye mashindano ya dunia ya 2011 na 2013. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye kurusha nyundo, 4.53%, ikifuatiwa na kuruka kwa upondo 2.94%, viunzi mita 400 2.78%, mita 400 2.73% na mita 800 1.78%. Kanuni ya 2018 ikaacha nyundo na upondo, ikaingiza mita 1500 na maili, ambazo utafiti haukuzikuta na kitu! Mwaka 2021 jarida lilichapisha masahihisho yanayosema matokeo yale ni ya uchunguzi wa awali, hayathibitishi kuwa homoni ndiyo chanzo. Wakati huo kanuni ilishakula miaka ya watu.

Matokeo yake ni watu kuhamahama. Niyonsaba alipanda mbio ndefu na Septemba 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2000, 5:21.56, kule Zagreb. Mboma wa Namibia alizuiwa mita 400, akashuka 200 na kuchukua fedha Tokyo kwa 21.81. Machi 2023 kanuni ikatandazwa kwenye mbio na michezo yote ya riadha: testosteroni ikae chini ya nanomoli 2.5 kwa lita kwa miezi 24.

Na mahakama? Tarehe 10 Julai 2025 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg, ilisema mahakama ya Uswisi haikumsikiliza Semenya kwa haki ipasavyo. Haikusema kanuni ni halali wala haramu. Kila upande ulishangilia, jambo ambalo linatosha kukuonyesha hukumu yenyewe ilivyokuwa nyembamba.

Ila nisiwe mchoyo, utafiti mzuri upo. Wanawake 48 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapaka krimu ya testosteroni miligramu 10 kila siku kwa wiki 10. Homoni ikapanda kutoka nanomoli 0.9 hadi 4.3 kwa lita, na muda wa kukimbia hadi kuishiwa nguvu ukaongezeka 8.5%. Shirikisho lingeanzia hapo.

Benchi la Maabara
Nijibu la kipimo. Ni usufi wa ndani ya shavu au tone la damu. Kwa usufi, asile, asinywe wala asitafune chochote kwa nusu saa, kisha kijiti kisuguliwe kwa nguvu ndani ya mashavu yote mawili. Akigusisha tu, seli zinakuwa chache. DNA inazidishwa kwa PCR na kinachotafutwa ni kipande cha SRY, jeni iliyo kwenye mkono mfupi wa kromosomu Y.

Makosa huja namna mbili. Jibu la "haipo" linaweza kutoka kwa sababu sampuli haikuwa na DNA ya kutosha. Ndiyo maana lazima ipimwe pamoja nayo jeni nyingine ambayo kila binadamu anayo. Hiyo nayo isipotokea, jibu halina maana. Jibu la "ipo" linaweza kutoka kwa uchafuzi: fundi mwanamume amegusa kijiti au amepiga chafya juu ya mirija. Mrija wa maji matupu upimwe sambamba. Ukionyesha SRY, tupa kundi zima. Kwa tone la damu, kumbuka pia kuwa mjamzito wa mtoto wa kiume huwa na DNA ya Y ya mtoto kwenye damu yake.

Lakini tatizo kubwa si la maabara. SRY husema swichi ipo, haisemi taa iliwaka. Mwenye kipokezi cha androjeni (homoni za kiume) kisichofanya kazi kabisa ana SRY na testosteroni tele, na mwili wake hauisikii hata kidogo. Ndiyo hali ya María José Martínez-Patiño wa Hispania, aliyeondolewa 1985 na kurudishwa 1988. Kanuni ya sasa inawaruhusu wenye hali hiyo, lakini baada ya vipimo zaidi. Atlanta 1996 walipimwa wanawake 3,387, wanane wakakutwa na SRY, na wote wanane wakaruhusiwa kushindana. Kabla ya Sydney 2000 kipimo kikafutwa. Leo kimerudi.

Mwalimu wa Viunzi
Asante sana. Daktari, nimeonyeshwa karatasi ya msichana wa miaka 16: testosteroni 65 ng/dL (nanogramu kwa desilita). Je, amevuka kikomo cha nanomoli 2.5?

Benchi la Maabara
Gawanya kwa 28.8 upate nanomoli kwa lita. 65 ni nanomoli 2.25, hajavuka. Lakini mambo mawili. Mashine nyingi za hospitali hutumia kingamwili, na kwenye viwango vidogo vya wanawake hukosea sana. Jibu la kuaminika hutoka kwenye spektrometa ya masi, mashine inayotambua molekuli kwa uzito wake. Pili, kiwango hicho kwa msichana mara nyingi ni vifuko vya ovari tu, yaani PCOS. Mwenye kromosomu XX, za kike, hata afike wapi kwa sababu ya ovari zake au tezi za juu ya figo, kanuni haimhusu, mradi hatumii dawa.

Swali lako la tatu: ile 2.5 kwa miezi 24 imebaki kwa wachache waliokuwa wakishindana chini ya kanuni za zamani. Akikutwa mpya leo na SRY inayofanya kazi, dawa hazimfungulii mlango. Anabaki na mashindano yasiyo ya ranki za dunia.

Kwa hiyo akitokea mtu kumshauri upasuaji ili akimbie, kataa. Annet Negesa wa Uganda alikuwa na 1:59.08 Mei 2012, akafanyiwa upasuaji mwaka huohuo akiwa na miaka 20, na hakurudia tena muda ule. Korodani za ndani zikitolewa, mwili unakosa homoni zote mbili, testosteroni na estrojeni. Asipopewa mbadala, mifupa inalegea na uchovu hauishi.

Huyo wa miaka 16 asipimwe SRY bila mzazi kukaa na kuelezwa kwanza, na karatasi isipite mikononi mwa klabu. Kama anakosa hedhi, aende kwa daktari wa homoni hata kama hatakimbia tena.