Mlango mmoja haujiloki: nibadilishe mota au nifuate waya kwanza?

Spana_Mkononi: Wakuu, mlango wa nyuma kushoto wa gari langu umegoma kujiloki kwa rimoti. Mitatu mingine inaitika. Kwa mkono kitufe kinashuka bila shida. Fundi wa kwanza kasema ninunue mota inayosukuma loki, wa pili kasema waya. Nianze na kipi?

FyuziNyekundu: Mitatu ikiitika, fyuzi na betri ya rimoti waache wapumzike. Ugonjwa uko kwenye mlango huo huo. Weka sikio pale kwenye kitasa, mwenzio abonyeze. Mota ikilia na kitufe kisishuke, gia za plastiki zimelika au fimbo imechomoka kwenye klipu. Ukimya una maana nyingine.

Spana_Mkononi: Kimya kabisa. Ila jana niliuacha wazi nikabonyeza swichi ya kwa dereva, ukaloki! Nimeufunga, umegoma tena.

Mama_Multimita: Basi umeshajijibu. Mota haijui kama mlango uko wazi au umefungwa. Waya unaopita kwenye ule mpira kati ya mlango na bodi unajua, maana unakunjwa kila mnapopanda na kushuka. Anza hapo, ni kuchomoa mpira tu. Mota inakutaka ung'oe kava la ndani, na kwenye magari mengi imejengwa ndani ya kitasa, kwa hiyo unanunua kitasa kizima.

Nati13: Dada, nakubali nusu. Mota iliyochoka nayo ina vituko: leo inafunga, kesho haifungi. Mimi nilihangaika na waya wiki nzima, kumbe mota. Ningebadilisha vyote kwa mkupuo.

Mama_Multimita: Ya kwako ilifuata mkao wa mlango?

Nati13: Hapana, ilikuwa inajiamulia yenyewe.

FyuziNyekundu: Ndiyo tofauti yenyewe. Na kabla ya kulipia mota, pima kwenye plagi yake mlango ukiwa umefungwa, wewe ukiwa ndani. Tumia taa ya kupimia yenye balbu, siyo mita. Umeme unakuja kwa kitambo kifupi, haufiki sekunde, mita nyingi za namba hazijawahi hata kuamka. Tena waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu utakuonyesha volti 12 safi kwenye mita, lakini ukibebeshwa mzigo unalala. Balbu ni mzigo, haidanganyiki. Bana taa kati ya zile waya mbili za mota: ikimweka unapofunga na unapofungua, na mota imenyamaza, hapo nunua.

Spana_Mkononi: Nimerudi. Nimechomoa mpira, waya zote kwa macho ni nzima. Nikavuta mmoja mmoja, wa kahawia ukanyumbuka kama tambi: gamba zima, shaba ndani imekatika na kugeuka kijani. Nimeuzungushia tepu, unaloki.

Mama_Multimita: Tepu hapo haidumu, kaka. Kata mpaka ufikie shaba inayong'aa, ongeza kipande cha waya laini wa nyuzi nyingi, chomelea kwa risasi, vika mpira wa kusinyaa. Kiungo kikae mbali na pale panapokunjika, la sivyo utakatika pembeni ya risasi.

Nati13: Na ukishafungua, vuta na jirani zake. Wa dirisha unapita humo humo.

Spana_Mkononi: Wa dirisha nao umenyumbuka.